Binti wa Farao Alilipa Mshahara wa Kulea. Na Bunge la Kaunti Yetu?

 

NENO LA LEO: Kutoka 2:1-10.

Leo ujumbe ni mrefu, na mwingine hautaupenda. Chukua chai yako, ukae chini, usome hadi mwisho ndipo uandike Amina. Ukiandika Amina kabla ya kusoma, umetia sahihi usichokijua, na leo nataka tuongee habari za watu wanaotia sahihi.

Hadithi ya Musa ndani ya kisafina tunaijua tangu Sunday School. Mama anamficha mtoto miezi mitatu, anasuka kisafina, anakipaka lami, anakiweka kwenye majani kando ya mto. Binti wa Farao anashuka kuoga, anasikia mtoto analia, anamhurumia. Tumeihubiri mara nyingi kuwa ni hadithi ya imani ya mama, na ni kweli. Lakini mstari wa 9 huwa tunauruka. Rudi uusome polepole. Binti wa mfalme anamwambia yule mama amchukue mtoto, amnyonyeshe, naye atamlipa mshahara wake.

Mshahara! Pesa ya ikulu, kwa kazi ya kunyonyesha. Yokebedi hakuambiwa kwamba kulea ni baraka tu na malipo yake yako mbinguni. Alilipwa.

Sasa geuza ukurasa urudi sura ya 1. Ikulu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imetoa amri kila mtoto wa kiume wa Waebrania atupwe mtoni. Nyumba moja ya utawala, vitu viwili: amri ya kuangamiza mtoto na pesa ya kumlea mtoto. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba mambo ya watoto wachanga hayahusu serikali. Tangu Misri, serikali imekuwa ndani ya habari ya mtoto, kwa ubaya au kwa wema. Swali ni yetu imeingia kwa upande gani.

Kuna mwingine katika hadithi hii tunayemsahau. Nani alibaki kando ya mto akimwangalia mtoto? Dada yake. Msichana mdogo. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia, akamwachia binti yake.

Huyo msichana mimi namjua. Na wewe unamjua. Amka Jumatatu alfajiri, usimame kando ya barabara hapa kwetu. Utawaona akina mama wakishuka kwenda vibarua vya miwa upande wa Koru na Muhoroni, na wengine wakipanda kwenda kuchuma majani chai upande wa Kericho. Saa kumi na moja na nusu, giza bado. Nyumbani amebaki mtoto wa miezi minane, na anayemshika ana miaka saba. Huyo wa miaka saba leo haendi shule. Na kesho haendi. Mwalimu akiuliza, ataambiwa ni mgonjwa.

Sasa niungame. Sitawahubiria kabla sijajihubiria.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu alileta mtoto mbele tumwombee. Mtoto alikuwa ameungua miguu kwa uji wa moto. Mama alikuwa ameenda kibarua, dada wa miaka saba ndiye aliyebaki naye, na ndiye aliyekuwa akipika huo uji. Niliomba, Mungu akasikia, mtoto akapona, makovu yakabaki. Kisha Jumapili iliyofuata, mimi mtumishi wa Mungu nilisimama mimbarini nikahubiri juu ya wanawake wazembe wanaoacha watoto wao. Sikumtaja jina. Hakuhitaji kutajwa, kila mtu aligeuza shingo.

Miezi mitatu hakuonekana kanisani. Nilipomtembelea alinipa kiti, akanipa maziwa, hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, ningemwacha na nani?"

Nilifungua mdomo, sikuwa na jibu. Nilikuwa na mistari ya Biblia, lakini jibu sikuwa nalo. Nilimwomba msamaha pale nyumbani kwake, na leo naomba msamaha hapa mbele yenu wote, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu.

Ningemwacha na nani? Swali hili nataka tulibebe leo hadi mahali linapostahili kujibiwa. Usilipeleke kwa mama. Lipeleke kwenye bunge la kaunti.

Kwa nini bunge la kaunti? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kifungu cha 9. Pale zimeandikwa kazi za kaunti: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na VITUO VYA KULEA WATOTO. Imeandikwa waziwazi. Sikuitunga mimi. Wakenya tulipiga kura Agosti 2010, tukasema kulea watoto wa watu wanaofanya kazi ni jambo la kaunti, kama vile barabara za kaunti na zahanati. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiambia Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu, na kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Tuna wodi 30 Kericho. Madiwani 30 wamechaguliwa na watu, bila kuhesabu wale wa kuteuliwa. Bunge letu lilipata muda wa kumng'oa gavana Oktoba 2024. Likapata muda tena Agosti 2025. Mara zote mbili jambo lilifika Seneti, na mara zote mbili gavana akarudi kazini. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Hilo si la leo, na kwenye maoni msinivute huko. Nauliza tu: bunge linalopata muda wa mambo makubwa namna hiyo mara mbili, je, wewe mwenyewe umewahi kuitwa kwenye baraza hata mara moja usomewe mswada wa vituo vya kulea watoto? Kama mswada upo, tuletewe tuusome. Kama haupo, sisi wenyewe tuuombe.

Na usidhani ni ndoto. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulea watoto mwaka wa 2017. India ni nchi ya chai kama sisi, na mwaka wa 1951 ilitunga sheria ya kazi za mashambani iliyoagiza kwamba shamba lenye wanawake hamsini au zaidi liweke kreshi. Mwaka wa 1951! Sisi hapa tulikuwa bado chini ya mkoloni. Hata hapa Kericho, mashamba makubwa ya chai yamekuwa na kreshi kwa miaka mingi, na wengi wenu mnaosoma hapa mlilelewa humo mama akiwa na kikapu mgongoni. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Tumeliona kwa macho.

Lakini angalia kilichotokea. Mashine za kuchuma chai zimeingia. Mei 2023 sote tuliona mashine zikichomwa moto Kericho. Mimi siungi mkono kuchoma mali ya mtu, na nilisema hivyo wakati ule. Lakini mama aliyepoteza kazi ya shamba kubwa hakupoteza mshahara peke yake, alipoteza na mahali pa kumwacha mtoto. Sasa anachuma kwa wakulima wadogo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mkulima mdogo mwenye vichaka vyake vya chai nyuma ya nyumba hawezi kujenga kreshi, hata angetaka. Ndipo inapohitajika serikali ya kaunti: pale ambapo tajiri hayupo na maskini mmoja hawezi peke yake.

Hesabu pamoja nami. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu na mshahara kamili. Mama wa kibarua haonji hata siku moja, maana hana mwajiri wa kumpa. Nasari ya kaunti inamchukua mtoto akifika miaka minne. Je, kuanzia miezi mitatu hadi miaka minne mtoto yuko mikononi mwa nani? Yuko mikononi mwa dada wa miaka saba. Yuko kwa jirani aliyewajaza watoto kumi na watano kwenye chumba kimoja cha mabati, na hakuna aliyekuja kumkagua wala kumsaidia. Yuko mgongoni mwa mama kwenye jua, kati ya miwa.

Na kama unadhani hili ni la maskini peke yao, kumbuka Agosti 7, 2019. Zuleika Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia Bunge la Kitaifa na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwachia. Akaamriwa atoke. Kwa kanuni za Bunge, mtoto mchanga alikuwa mgeni asiyeruhusiwa ukumbini. Wabunge wanaume wakapiga kelele, wanawake wenzake wakatoka naye. Mpendwa, yule ni mtunga sheria. Ana mshahara, ana gari, ana dereva. Na bado siku moja tu ya shida ilimkuta na swali lile lile la mama wetu wa Fort Ternan: ningemwacha na nani? Kama mheshimiwa alitolewa nje, mchuma chai atapokewa wapi?

Sasa najua mnayotaka kuniambia. Nimewachunga miaka mingi, mioyo yenu naijua. Acha nijibu mambo matatu.

LA KWANZA: "Pasta, kulea ni kazi ya mama. Mwanamke mwema hukaa nyumbani na watoto wake."

Kila Siku ya Akina Mama tunawasomea Mithali 31. Tunawapa maua, tunawaimbia. Haya, isome tena. Yule mwanamke anaamka kabla ya mapambazuko, ananunua shamba, anapanda mizabibu, anafanya biashara. Hayuko nyumbani mchana kutwa! Anayawezaje? Mstari wa 15 unakujibu: ana wajakazi. Mwanamke mwema wa Mithali ana wasaidizi ndani ya nyumba. Sisi tunachukua sifa zake zote tunamtwika mchuma chai, halafu wale wasaidizi tunawaacha ndani ya kitabu.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliita KAZI. Na dada wengi mnaoandika kwamba mama akae nyumbani, mmeacha yaya jikoni mkiandika. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Halafu, ndugu zangu wanaume, msijifiche nyuma ya simu. Katiba, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Wajibu SAWA. Mama yuko miwani, mtoto yuko kwa dada wa miaka saba, na baba yuko senta anacheza drafti tangu saa nne asubuhi. Huyo akija kuniambia kulea ni kazi ya mama, nitamwambia akae kiti cha nyuma asikilize kwanza.

LA PILI: "Msaada wa serikali unaleta uvivu. Paulo alisema asiyefanya kazi asile."

Soma vizuri, 2 Wathesalonike 3:10. Paulo anamsema mtu ASIYETAKA kufanya kazi. Mama anayetoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili, utamwambia hataki kazi? Kinachomzuia kufanya kazi zaidi ni mtoto ambaye hana mahali pa kumweka. Ukimpa kituo cha kulea, umempa nafasi ya kufanya kazi. Wewe unayepinga kituo kwa jina la kupinga uvivu ndiye unayemfungia nyumbani.

Tena nenda Kumbukumbu la Torati 24:19-21. Mungu aliagiza mwenye shamba asirudi kuokota mganda aliousahau, wala asiupukute mzeituni mara ya pili. Hayo yaliyobaki ni ya mgeni, yatima na mjane. Angalia: Mungu hakuliacha liwe jambo la huruma ya tajiri akiwa amefurahi. Aliliweka katika SHERIA. Ruthu alipoingia shamba la Boazi kuokota masazo, aliingia kwa haki iliyoandikwa, akafanya kazi tangu asubuhi, akarudi kwa mkwewe na chakula. Ukoo wa Daudi, na kwa mwili ukoo wa Bwana wetu Yesu, umepitia kwa mwanamke aliyeokolewa na sheria ya msaada wa umma. Halafu wewe unaidharau?

Na huo msaada wenyewe ni kiasi gani? Nchi yetu ilianza kuwatumia pesa walezi wa mayatima mwaka wa 2004. Baadaye wakaongezwa wazee na wenye ulemavu mkubwa, na mpango wote tunauita Inua Jamii. Tangu 2018 umefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku thelathini: kama shilingi 66 kwa siku. Kuna kogo hapa kwetu anayelea wajukuu wanne kwa hizo 66, na mara nyingine zinakaa miezi bila kufika, halafu zinakuja pamoja wakati deni la duka limeshazimeza. Mtu anayeweza kuwa mvivu kwa shilingi 66 kwa siku, watu watano ndani ya nyumba, aje anifundishe huo uvivu. Nitamlipa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Usaidizi wa Kijamii mwaka wa 2013. Nzuri kwenye karatasi, ikakaa miaka na miaka kabatini bila kutekelezwa. Kwa hiyo mkisikia sheria imepita, msipige vigelegele mapema. Sheria isiyo na pesa ndani ya bajeti ni kama kisafina kisichopakwa lami. Kinaonekana kisafina, lakini mtoto atazama.

LA TATU, na hili ndilo linaloniuma: "Pasta, hiyo ni siasa. Wewe hubiri Injili."

Sawa. Fungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao amekufa, hawana ndugu wa kiume, na sheria ilivyokuwa haikuwapa urithi. Walifanya nini? Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakatoa hoja yao. Musa akampelekea Mungu hoja. Mungu akasema wako sawa, na sheria ikabadilishwa. Watu wa Mungu, hicho ni kikao cha kukusanya maoni ya umma! Kimo ndani ya Biblia. Wanawake watano walisimama mbele ya mkutano wa wanaume, na Mbingu ikawaunga mkono.

Nenda Matendo 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Malalamiko yakaja. Mitume hawakusema tukeshe tukiombea wajane, basi. Walichagua watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi, mgao ukapangwa. Na ukisoma mbele kidogo, Neno la Mungu likaenea na wanafunzi wakaongezeka. Wajane kuhudumiwa vizuri hakukuzuia Injili.

Wala tusijidanganye kwamba kanisa letu halina siasa. Mwanasiasa akija Jumapili na bahasha, tunampa kiti cha mbele, tunampa kipaza sauti, tunapiga makofi. Tumeezeka mabati kwa bahasha. Tumenunua spika kwa bahasha. Ni lini tulimwambia, mheshimiwa, bahasha ukae nayo, tuambie mswada wa watoto wetu umefika wapi? Siasa ya kupokea tunaiita baraka, na siasa ya kudai tunaiita dunia. Isaya 10 inatoa ole kwa wanaoandika amri za dhuluma na kuwanyima maskini haki yao. Ole hiyo inawahusu wanaoandika. Lakini sisi tunaowapigia makofi wanapoandika, na sisi tunaonyamaza wasipoandika, tunafikiri tutajificha wapi?

Basi tufanye nini? Sitawaacha hewani.

Moja. Katiba, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Bajeti ina tarehe zake: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unatakiwa ufike bungeni kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mkisikia chifu ametangaza kikao cha maoni, nendeni. Msiwaachie wale vijana kumi wa kila kikao wanaoenda kunywa soda. Akina mama wa maombi, mnaokesha kila Ijumaa, siku hiyo kesheni ndani ya hicho kikao.

Mbili. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa wenye mamlaka. Jumapili hii baada ya ibada ya pili, karatasi itakuwa mezani nje ya kanisa. Tunaomba mambo haya: kila wodi iwe na angalau kituo kimoja cha umma cha kulea watoto walio chini ya miaka minne, karibu na soko au mahali pa kazi. Kifunguliwe saa ambayo mama anatoka, maana saa mbili asubuhi yeye ameshachuma kilo kadhaa. Walezi wafundishwe na walipwe na kaunti. Jirani mwenye chumba cha mabati aandikishwe, akaguliwe na asaidiwe, asifukuzwe, kwa sababu amebeba mzigo wetu wakati sisi tumelala. Na pesa yake iwe na mstari wake ndani ya bajeti, tuuone kwa macho. Soma kwanza. Ukikubali, tia sahihi. Usipokubali, njoo unieleze, tutakunywa chai pamoja.

Tatu. Hili ni letu wenyewe. Kanisa letu lina ukumbi wenye sakafu, maji na choo, na Jumatatu hadi Ijumaa unakaa umefungwa kwa kufuli. Nimeongea na wazee wa kanisa. Tunataka kuufungua, waumini wenye afya na moyo wapokezane kuwashika watoto wa vibarua, tukipata mwongozo wa afisa wa watoto na wa afya. Tayari kuna aliyeniuliza, "Pasta, na zulia jipya la madhabahuni?" Nikamjibu: Yesu aliwakemea wanafunzi waliozuia watoto wasimfikie. Sikusoma popote alipowauliza watoto kama wamenawa miguu. Zulia litafuliwa.

Lakini tuelewane. Kufungua ukumbi wetu hakuiondolei kaunti wajibu wake. Sisi tutashika watoto kumi, pengine ishirini. Kaunti ina maelfu. Msamaria alimfunga jeraha mtu mmoja njiani, akafanya vema. Lakini barabara ya Yeriko yenye wanyang'anyi kila siku inahitaji askari, na askari analipwa kwa kodi yetu. Diwani asije akapiga picha ndani ya ukumbi wetu aseme kazi imekwisha.

Mpendwa unayesoma, pengine wewe ndiye yule mama. Umesomea huku umekaa kando ya shamba, simu ina asilimia nane, na moyo wako uko nyumbani. Nisikilize. Wewe si mzembe. Mungu aliyeona kisafina ndani ya majani anaona nyumba yako. Hakuna hukumu juu yako leo. Aliyekuhukumu ni mimi na wenzangu, na tunatubu.

Na pengine wewe ni yule dada wa miaka saba, sasa umekua, una miaka thelathini, na hukumaliza shule kwa sababu ulikuwa ukishika watoto. Hakuna aliyewahi kukushukuru. Mimi nakushukuru. Musa aliishi kwa sababu dada yake hakuondoka kando ya mto. Lakini binti yako asisimame hapo ulipofungiwa wewe.

TUOMBE: Baba, umewaona watoto wetu. Tusamehe tuliowahukumu mama zao badala ya kuwasaidia. Waguse madiwani wetu, uwape moyo wa binti wa Farao, aliyesikia mtoto akilia na hakuuliza ni wa kabila gani. Wape ujasiri mabinti wa Selofehadi walio katikati yetu, wasimame mbele ya mkutano na wasitetemeke. Kila mlango wa ukumbi uliofungwa, ufunguke. Kila shilingi iliyotengwa kwa ajili ya mdogo wako, imfikie. Katika jina la Yesu.

Leo usiandike Amina peke yake. Andika: NINGEMWACHA NA NANI? Halafu mtumie diwani wako ujumbe huu, umngoje ajibu. Akinyamaza, mtumie tena kesho. Yule mjane wa Luka 18 hakwenda kwa kadhi mara moja.

Tuonane Jumapili. Kuja na kalamu.